Kikohozi cha Dereva Munyoki

Pale mtaani Mbotela, mwaka wa sabini na tisa, ungeweza kujua Munyoki yuko wapi bila kumwona. Alikuwa anakohoa. Hakuwa mgonjwa hata kidogo; alikuwa mwanamume wa kifua kipana, dereva wa basi, mla nyama. Alikohoa kila alipofika kwenye pembe ya nyumba, kila alipokaribia mfereji wa maji, kila alipotaka kuingia dukani. Kikohozi kile kilikuwa honi yake. Maana yake ilikuwa: mama mkwe, kama uko hapo, jifiche, ninapita.

Mama mkwe mwenyewe aliitwa Mbeti, mjane aliyekuwa akiuza viondo, vikapu vya kusuka, kando ya Jogoo Road na kuishi kwa mwanawe wa kiume, mistari michache ya nyumba kutoka kwetu. Akisikia kikohozi tu, alijitupia leso kichwani na kuingia mlango wowote uliokuwa wazi. Siku moja aliingia kwangu nikiwa nimekaa kwenye karai, naoga. Alisimama akitazama ukuta mpaka dereva akapita, akanisalimu vizuri, akauliza hali ya watoto, akatoka.

Mimi ni Anyango, Mama Aloo, jirani ya Munyoki ukuta kwa ukuta. Sisi Wajaluo nasi tunamheshimu mama mkwe. Mume wangu Zedekiah, karani wa reli, hajawahi kutafuna kitu mbele ya mama yangu. Lakini anamsalimu, na mama anaitika. Heshima ya hawa jirani zangu Wakamba, ambayo wenyewe huiita nthoni, haikuwa na salamu ndani yake. Mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, hawasemezani. Wakikutana njiani, mmoja anaiacha njia. Wakiwa na neno, wanalipitisha kwa mtu mwingine. Na mtu mwingine huyo, kwa dhambi nisizozijua, alikuwa mimi.

"Mama Aloo, mwambie huyo bati la jikoni linavuja."

"Mama Aloo, mwambie mama nitakuja kulipiga misumari akiwa ameenda sokoni."

Mara nyingine walikuwa wamesimama pande mbili za ukuta mmoja, wanasikiana vizuri kabisa, na mimi niko katikati na mwiko wa ugali mkononi, narudia maneno ambayo yameshasikika. Watu wa posta angalau walikuwa na sare. Mimi katika miaka hiyo yote nilipata kiondo kimoja, nacho mkono wake ulikatika nikitoka nacho sokoni.

Heshima hiyo ina mwisho wake, watu wakitaka iishe. Mkwe huleta mbuzi na blanketi, mbuzi akaliwa, blanketi likavaliwa, na tangu siku hiyo wakasalimiana. Mbuzi hawakuwa mbali. Pale Kiamaiko kulikuwa na Burale, muuzaji aliyemjua Munyoki kwa jina, na kila akimwona humwuliza kama leo ndiyo siku. Munyoki humjibu kwamba bado.

Sababu niliijua, kwa kuwa hakuna nisilolijua pale. Wakati wa posa, wazee wakiwa wameketi barazani, Mbeti alisema akiwa jikoni, "Dereva? Leo yuko Kisumu, kesho yuko Malindi. Mtoto wangu atakuja kuzaa peke yake kama paka." Ukuta wa jikoni ulikuwa wa mabati, na Munyoki alikuwa amekaa upande wa pili na soda yake. Alimwoa binti huyo, Mukai, akakaa kimya miaka mitano. Nthoni iliwafaa wote wawili, kwa maana mtu usiyeruhusiwa kumtazama, huna haja ya kumsamehe.

Aliyeumia ni Mukai. Alikuwa mpiga taipu mjini, msichana mpole, na sasa alikuwa na mimba ya kwanza, miguu imevimba hadi viatu vya mumewe ndivyo vilivyomtosha. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake awe nyumbani siku atakapojifungua. Mbeti alisema haingii nyumba ya mkwe kabla ya mbuzi. Munyoki alisema mbuzi haendi kwa mtu aliyemdharau. Yote hayo niliyabeba mimi, kwenda na kurudi. Mukai alikuja akakaa juu ya gunia langu la makaa akalia.

"Mama Aloo, nitatoka hospitali ya Pumwani na mtoto mkononi niingie nyumba tupu."

Nilimwonea huruma sana, na nikawachukia wale wawili kwa siku nzima.

Basi Agosti ile kwaya ya kanisa letu ikapanga safari ya pwani. Gordon, mwalimu wa kwaya, alikuwa ameona kwenye kalenda picha ya daraja la zamani la kamba, huko kusini ukishavuka feri ya Likoni, linalotoka kwenye genge la ufuoni hadi kwenye jiwe kubwa lililo ndani ya bahari. Utani wa Wakamba na daraja la kamba ulichakaa kabla basi halijatoka Mbotela, kwa hiyo sitaurudia. Nilimshauri Mukai abaki apumzike. Aliniambia kukaa peke yake ataanza akishazaa.

Mbeti alipanda kwa mlango wa nyuma, amebeba chapati na biblia, anaimba. Ndipo kutoka kiti cha dereva kikasikika kikohozi. Kampuni tuliyokodi basi kwake ilikuwa imemtoa Munyoki atuendeshe, na hakuna aliyefikiria kumwambia mtu. Mbeti alizima wimbo katikati ya ubeti. Alikwenda kiti cha mwisho kabisa, akajifunika leso mbili, moja juu ya nyingine, mpaka akaonekana kama mzigo uliosahauliwa. Munyoki naye akainua mikono, akafungua kile kioo cha juu ambacho dereva hukitumia kuangalia abiria, akakiweka chini ya kiti.

Tulikwenda hivyo hadi Mariakani, ambako askari wa barabarani alitusimamisha.

"Kioo cha ndani kiko wapi?"

"Kiko chini ya kiti, afande."

"Kinafanya nini huko?"

"Mama mkwe wangu amekaa nyuma."

Askari alichungulia ndani, akauona ule mzigo wa leso. Kifuani alikuwa na kibao kilichoandikwa Makau, jina la Kikamba. Alivua kofia.

"Umelelewa vizuri," akamwambia Munyoki. "Lakini angalia vya ubavuni. Hivyo havina mama mkwe." Akatupungia mkono tuendelee, na mimi nikasema kwa sauti kwamba nchi hii imekwisha.

Daraja lenyewe lilikuwa zuri, sitadanganya. Genge lilikuwa jeusi, limechongoka, na chini yake maji ya kijani yalikuwa yakiingia na kutoka kwa kelele kati ya bara na lile jiwe. Juu ya kelele hiyo palikuwa na kamba mbili za kushikia, nene za kumbi la nazi, na chini yake mbao za kukanyagia zilizopangwa moja moja, na wavu kando kando. Urefu wake haukuzidi mstari mmoja wa nyumba za Mbotela. Lakini nyumba za Mbotela hazibembei.

Mlinzi wake, mzee mmoja mwembamba aitwaye Chivatsi, alitueleza kwamba babu zake ndio waliolifunga mara ya kwanza ili wafike jiweni kutega samaki wa kolekole, na kwamba kamba hubadilishwa kila mwaka.

"Kama kamba ni mpya kila mwaka," nikamwuliza, "uzee wake uko wapi?"

"Uko pale katikati," akasema. "Watu wanaogopa palepale walipoogopea babu zao."

Kisha akatoa sharti. Wanaokwenda wakiwa juu, wanaorudi hungoja. Watu hawapishani darajani. Mbeti, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mgongo wangu, alinifinya.

"Mama Aloo, mwulize, yaani mtu hawezi kukutana na mtu?"

"Hawezi, mama," akajibu Chivatsi mwenyewe.

Mbeti alifurahi kama aliyepewa shamba. Kumbe kulikuwa na barabara moja Kenya ambayo mkwe hawezi kukutokea! Alikaza leso, akavuka na kwaya akiimba sauti ya juu. Munyoki alibaki nyuma ya basi, akijifanya anaangalia tairi. Mukai alibaki kwa sababu ya tumbo lake, nami nikabaki kwa sababu ya mwili wangu, ambao Zedekiah huusifu lakini mbao zile hazikuonekana kuuheshimu.

Waliimba kule jiweni wakashiba. Wakati wa kurudi Mbeti aliomba atangulie peke yake, awahi kuingia basi kabla dereva hajamaliza matairi. Akaja vizuri hadi katikati. Hapo upepo wa kusi ukatoka chini ya genge, ukaingia ndani ya leso ya kichwani, ukaivua. Ile leso ilipaa, ikageuka mara mbili, ikaenda baharini. Mbeti aliinyooshea mkono, daraja likalala upande, na yeye akaketi pu! juu ya mbao, amekumbatia kamba, macho ameyafumba.

"Mama!" Mukai alipiga kelele.

"Sitoki hapa!" akajibu Mbeti. "Nileteeni mchungaji!"

Chivatsi, aliyekuwa upande wa jiwe pamoja na kwaya, alikanyaga ubao wa kwanza. Daraja likatikisika, na Mbeti akapiga yowe lililowatoa ndege kwenye genge. Mzee akarudisha mguu.

"Asitikiswe kwa nyuma!" akatuita. "Aliyekwama huongozwa kwa mbele! Mmoja aje kutoka huko, awe mtulivu wa moyo!"

Upande wetu tulikuwa watatu, mimi, Mukai na yule mtu wa matairi, ambaye sasa alikuwa amesimama wima na kitambaa cha grisi mkononi. Mukai alimtazama mumewe. Munyoki alitazama chini. Mukai aliinama kwa shida, akavua vile viatu vikubwa vya mumewe, akaviweka kando, akashika kamba na kuweka mguu uliovimba kwenye ubao wa kwanza.

Sijawahi kumwona mwanamume akikimbia namna ile. Alimfikia, akamrudisha nyuma kwa mabega yote mawili, akamkalisha kando yangu. Nilimwona uso. Alikuwa na hofu, na haikuwa hofu ya bahari.

Akakanyaga darajani, akasimama, na kwa mazoea ya miaka mitano, akakohoa.

Mbeti alikisikia. Alifumbua macho, akatafuta mlango. Akatazama kushoto, bahari. Akatazama kulia, bahari. Akapapasa kichwani, hakuna leso. Mimi nilikuwa na woga, lakini nilicheka, Mungu anisamehe, maana uso wa mama yule ulikuwa wa mtu anayefikiria kwa dhati kabisa kama maji yana kina.

Ndipo Munyoki akafanya jambo ambalo nitalisimulia hadi nizikwe. Aligeuka, akampa mama mkwe mgongo, akaanza kwenda kinyumenyume. Mikono miwili juu ya kamba, anapapasa kila ubao kwa kisigino kabla ya kuukanyaga, uso wake ukitutazama sisi, jasho linamtiririka. Upepo ulimpiga, akasimama, akaendelea. Alipobakisha kama urefu wa mkono, akasimama. Koti lake la khaki la udereva likawa linapeperuka mbele ya pua ya Mbeti.

"Mama Aloo!" akaniita. "Mwambie mama ashike koti!"

Nikaweka mikono mdomoni. "Mama Mukai! Anasema ushike koti!"

"Mwambie huyo siwezi kusimama!"

"Munyoki! Anasema hawezi kusimama!"

"Mwambie asimame kidogo kidogo, apige magoti kwanza!"

Nikavuta pumzi ya kupiga kelele tena, na pumzi hiyo ikakataa kutoka. Hasira ilinipanda. Mtu yuko hatua moja na mwenzake, juu ya bahari, na mimi niko kwenye genge, nimepaza sauti mpaka imekauka, napeleka barua! Nikafunga mdomo. Nikakaa chini karibu na Mukai, nikamshika mkono.

"Mama Aloo!" akaita Munyoki.

Nikatazama bahari.

"Mama Aloo, wewe!" akaita Mbeti. "Mwambie huyo..."

Nikaanza kukagua kucha zangu. Munyoki alikuwa ananitazama moja kwa moja, akaona kwamba nimemsikia na kwamba sitasaidia. Upepo ulitulia kidogo, na sauti zikatufikia vizuri.

"Mama," akasema Munyoki, akiwa bado ametupa uso sisi. Ilikuwa mara ya kwanza. "Piga magoti. Kisha shika koti."

Mukai alikuwa ananiumiza vidole.

"Haliwezi kuchanika?" akauliza Mbeti.

"Ni la kampuni. Ni gumu."

Akapiga magoti. Akashika pindo la koti kwa mkono mmoja, kisha kwa miwili. Munyoki akapiga hatua ya kwanza ya kuja, naye sasa alikuwa anaangalia anakokwenda, kwa kuwa alikuwa amekwenda kinyumenyume. Mama mkwe akafuata nyuma yake ameinama, kichwa wazi, akitazama mgongo tu.

"Usikimbize," akasema.

"Sikimbizi."

Hatua chache zikapita.

"Kuna neno nililisema siku ile ya posa," akasema Mbeti. "Kwamba utamwacha mtoto wangu azae peke yake."

"Nililisikia, mama. Jikoni kwenu kulikuwa kwa mabati."

"Miaka mitano umekaa nalo?"

"Sasa ningekuambia kupitia kwa nani?" akasema Munyoki. "Kupitia kwa Mama Aloo? Mtaa mzima ungejua kabla ya jioni."

Hapo nikataka kusimama nijitetee, lakini Mukai alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, nami nikaona kesi yangu ingojee. Na nitasema ukweli, maneno yale yaliniuma kidogo, kwa kuwa yalikuwa kweli.

Walifika. Munyoki alikanyaga ukingo wa genge, akasogea mbele ili mama naye akanyage. Mbeti alikuwa kwenye ardhi ya Mungu, salama, lakini hakuliachia koti. Munyoki hakugeuka. Alivua lile koti taratibu, mkono mmoja baada ya mwingine, akaliacha mikononi mwake. Mbeti akajifunika nalo kichwa, grisi na yote.

"Mbuzi awe dume, na awe na mafuta," akasema kutoka ndani ya koti. "Na mwambie Burale asikupe wale wa Jumatatu. Huwa wamechoka na safari."

Nilifungua mdomo nipeleke ujumbe, kisha nikakumbuka kwamba hakunituma mimi.

Mbuzi aliliwa Jumamosi iliyofuata, na blanketi lilikuwa la rangi ya damu ya mzee, zito. Mbeti alihamia kwa mwanawe wa kike na mfuko wake wa uzi wa viondo. Kumbukeni kwamba nyumba zile zilikuwa chumba na kajiko, na pazia. Lakini hata baada ya mbuzi, kusema kweli, hawakuzoeana haraka. Munyoki alitoka alfajiri na kurudi kila mtu akiwa amelala, na wakikutana mlangoni kila mmoja alisalimia sakafu.

Siku uchungu ulipomshika Mukai, Munyoki alikuwa Kisumu na basi la abiria. Ilikuwa vilevile kama Mbeti alivyosema jikoni. Dereva hakuwepo. Lakini Mukai hakuzaa peke yake. Mbeti alimpeleka hospitali amemshika kiuno, akakaa kwenye benchi, akamrudisha nyumbani na msichana mwenye sauti kuliko kwaya yetu yote. Mimi nilipika uji.

Munyoki aliingia mtaani siku ya pili, saa za chakula cha mchana, habari alikuwa ameshapewa na kila mtu tangu stendi. Nilimwona akija mbio kati ya nyumba, mkate chini ya kwapa. Akafika mlangoni kwake. Akasimama. Akanyoosha shati. Akakohoa.

Mimi nikasimamisha kijiko. Nilidhani nitasikia mama yule akikimbilia nyuma ya pazia.

"Kama ni kifua kinakuuma, nenda kwa daktari," ikatoka sauti ya Mbeti. "Na kama ni mimi unanikimbiza, hapa hakuna pa kujificha, umesahau? Ingia, dereva. Njoo umshike mwanao, mikono yangu imechoka."

Akaingia. Kupitia mlango ulioachwa wazi nilimwona Mbeti akiwa kichwa wazi, amekaa kitandani karibu na Mukai, akimtazama mkwewe usoni wakati anamkabidhi mtoto. Alimwonyesha pa kuweka mkono, chini ya shingo.

Nilibaki mlangoni kwangu na sufuria ya uji. Hakuna aliyeniita, hakuna aliyenituma. Nikajiona mpweke kidogo, halafu nikakohoa, nikaingia.